Uundaji wa Wahusika katika Michezo ya Video: Sura, Tendo na Lugha

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kumwuliza mwandishi maswali juu ya wahusika wake. Ni akina nani? Wanatenda nini? Wanasema kwa lugha gani, na usemi wao unawatambulishaje? Maswali hayo tumeyauliza juu ya riwaya, juu ya tamthilia, na juu ya ngano za sungura na fisi. Makala haya yanakusudia kuyauliza juu ya sanaa ambayo walimu wengi wanaiona kuwa ni upuuzi wa watoto, nayo ni michezo ya video.

Hatuna budi kuyauliza, kwa sababu wanafunzi wetu wako huko. Mjini Arua na mjini Koboko, kama ilivyo katika miji mingine ya Uganda, vijana hulipa fedha kidogo katika mabanda ya video, wakashika pedi na kucheza kandanda ya televisheni. Wengine hucheza katika simu ya kaka au ya mjomba. Kijana ambaye hajapata kuisoma riwaya moja ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, huenda amekwisha kupitisha saa nyingi akimwongoza mhusika wa mchezo, akimrusha, akimwokoa, na kushindwa pamoja naye. Mtu aliyezoeana hivyo na mhusika hupokea kwake zaidi ya burudani.

Hoja yetu ni moja. Kwa muda wa zaidi ya miaka arobaini wabunifu wa michezo hiyo wameitajirisha sura ya mhusika kwa kadiri ya kustaajabisha. Walakini utu wake haukukua kwa kadiri hiyo hiyo, kwa kuwa utu wa mhusika hujengwa na tendo na lugha kuliko sura. Kasoro hiyo huonekana wazi mhusika anapokuwa Mwafrika, na huonekana wazi zaidi anapotiwa Kiswahili kinywani.

Kete na karata

Mhusika wa mchezo si jambo geni kwetu. Kete ya bao haina jicho wala mdomo; ni komwe tu. Hata hivyo wachezaji wa bao wa pwani wameutungia mchezo huo lugha kamili: kuna nyumba, kuna kichwa na kimbi, kuna namu na mtaji, na kuna kutakata. Huku kwetu Uganda tuna mweso, ambao ni ndugu wa bao. Mchezaji anayepokonywa kete zake huumia, ingawa ni mbegu. Uhai wa mchezo huo umo katika kanuni zake na katika majina yake.

Karata nazo zililetwa na wageni. Majina ya aina zake nne, yaani kopa, uru, pau na shupaza, yana asili ya Kireno. Zile zenye picha za watu zilivaa mavazi na nyuso za Ulaya, na kamusi za zamani zinaonyesha kwamba wasemaji wa Kiswahili waliziita mzungu: mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Iwe jina hilo lilitokana na ugeni wa nyuso hizo, au lilitokana na ile maana ya kale ya neno mzungu, yaani jambo la ajabu, hapa tunaona tendo la lugha lenye hekima. Watu waliipokea sura ya mgeni, wakaitazama, wakaipa jina, kisha wakacheza nayo kwa lugha yao. Wageni wa siku hizi wanaofika katika simu za watoto wetu bado hawajapokewa hivyo.

Enzi ya nukta

Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa mchezo wa Space Invaders, uliobuniwa na Tomohiro Nishikado. Maadui wa mchezo huo ni viumbe wa anga za mbali, waliochorwa kwa nukta chache za mwanga kwa mfano wa pweza, kaa na ngisi. Nishikado ameeleza kwamba kuwapiga risasi binadamu, hata mchezoni, kulionekana kuwa si jambo jema, naye akachagua viumbe wasio watu. Wasomaji wailinde habari hiyo moyoni, maana tutairudia.

Mwaka 1980 kampuni ya Namco ilitoa Pac-Man, kazi ya Toru Iwatani. Mhusika mkuu wake ni duara la rangi ya manjano lenye mdomo, basi. Hana mikono, hana miguu, hana historia. Anatenda jambo moja tu: anakula. Lakini mhakiki awatazame wale mazimwi wanne wanaomwandama. Wote wana umbo moja, na tofauti yao machoni ni rangi tu. Ajabu ni kwamba kila mmoja ana tabia yake. Mwekundu humfuata windo wake moja kwa moja. Wa waridi hulenga mahali ambapo windo anaelekea, ili amkingie njia. Wa rangi ya machungwa hujongea kwa ujasiri, na akikaribia hugeuka akaenda zake. Mchezaji hujifunza tabia hizo kama tunavyojifunza tabia za majirani, bila ya kuambiwa neno. Hapo mbunifu amewaumba wahusika kwa kitenzi peke yake.

Mwaka uliofuata, yaani 1981, Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo alibuni mchezo wa Donkey Kong, ambamo seremala mdogo hupanda ngazi na kuruka mapipa ili amwokoe mwanamke aliyetekwa na sokwe. Seremala huyo ndiye aliyekuja kuitwa Mario. Miyamoto alikuwa na uwanja wa nukta zipatazo 16 kwa 16 wa kumchorea. Nywele hazichoreki vizuri kwa nukta chache, basi akamvika kofia. Mdomo hauonekani, basi akamtia masharubu chini ya pua kubwa. Mikono ikipita mbele ya mwili hupotea, basi akamvika suruali ya fundi yenye kanda mabegani, ili mikono na kiwiliwili vitofautiane kwa rangi. Sura ambayo leo inajulikana duniani kote ilizaliwa na umaskini wa vifaa.

Mwalimu wa fasihi hataona ugeni hapo. Muhammed Said Abdulla alipomwumba Bwana Msa, mpelelezi wa Mzimu wa Watu wa Kale (1960), alimpa kiko. Kiko kile humfanyia msomaji kazi ile ile ambayo masharubu humfanyia mchezaji: kikitajwa tu, mwenyewe amekwisha kufika. Kila sanaa changa huanza na alama.

Kutoka alama hadi mtu

Riwaya ya Kiswahili nayo imepita njia hiyo. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) wahusika huitwa Karama na Majivuno, na jina ni tabia. Ukilijua jina umemjua mtu. Hao ndio ambao wahakiki huwaita wahusika bapa. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alituletea Rosa Mistika (1971), na ndani yake tukamkuta msichana ambaye hawezi kuelezwa kwa neno moja, kwa kuwa anabadilika, anajipinga mwenyewe, na anatuuma. Huyo ni mhusika duara.

Yafaa tutambue ni kitu gani kilichobadilika baina ya Karama na Rosa. Wino ulikuwa ule ule na karatasi ile ile. Kezilahabi hakuhitaji mtambo mpya. Alichokiongeza ni mgogoro wa nafsi, pamoja na lugha iliyotosha kuubeba. Tukija katika michezo ya video, hali ni kinyume. Humo mitambo imebadilika kila baada ya miaka michache, na kila ilipobadilika wenye kampuni walitangaza kwamba sasa mhusika amekuwa mtu kamili. Je, ndivyo?

Enzi ya sura

Mwaka 1992 mchezo wa Mortal Kombat uliwaweka kiooni waigizaji waliopigwa picha, badala ya michoro ya mkono. Mwaka 1996 Mario aliacha kuwa picha bapa akawa umbo linaloweza kuzungukwa pande zote. Mwaka huo huo kampuni ya Core Design ya mjini Derby, Uingereza, ilimtoa Lara Croft katika mchezo wa Tomb Raider. Lara alikuwa mwanamke shujaa katika uwanja uliojaa wanaume, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini mwili wake ulijengwa kwa vipande vichache vya pembe kali, na kifua chake kikatiwa chumvi kiasi cha kumfanya awe pambo la kutazamwa na wanaume.

Mwaka 2013 Lara alifinyangwa upya. Safari hii alipewa umbo la msichana wa kawaida, mwenye matope usoni na damu nguoni. Anayeogopa, anayejeruhiwa na kulia. Kwa upande wa fani hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Sasa tuyatazame matendo. Mchezo unamwonyesha akitetemeka baada ya kumwua mtu kwa mara ya kwanza. Punde si punde mchezaji anatakiwa kumwongoza awaue makumi wengine, na machozi yale hayarudi. Sura inasema huyu ni binadamu aliyevunjika moyo. Tendo linasema huyu ni bunduki yenye miguu. Mhakiki akikuta mgongano wa namna hiyo katika tamthilia, atasema mwandishi hakumjua mhusika wake.

Hatusemi kwamba sura haina thamani. Mwanamke aliyeachwa aonekane kama mwanamke amepata haki yake. Tunalosema ni kwamba nukta zikiongezwa kutoka mia mbili hadi milioni, zinaongeza kinachoonekana. Hazimwongezei mhusika sababu ya kuishi. Zimwi la waridi la mwaka 1980 bado lina tabia iliyo wazi kuliko askari wengi wa michezo ya leo ambao hata vinyweleo vyao vinahesabika.

Mwafrika aingiapo mchezoni

Mwaka 1991 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Street Fighter II, mchezo uliowakusanya wapiganaji kumi na wawili kutoka nchi mbalimbali. Kila nchi ilipewa alama yake: Mhindi wa mchezo huo hufanya yoga, hunyosha mikono kama mpira, na amevaa mkufu wa mafuvu, wa Brazili ni mnyama wa rangi ya kijani. Bara la Afrika halikuwa na mtu. Mpiganaji mweusi aliyekuwamo alikuwa bondia wa Marekani.

Afrika iliingia mwaka 1997, katika Street Fighter III, na iliingia kwa mlango wa Afrika Mashariki. Mpiganaji huyo ni Elena, binti wa mkuu wa kabila kutoka Kenya. Mwendo wake umechorwa kwa ustadi ambao hauna budi kusifiwa. Hupigana kwa miguu peke yake, nao utiririkaji wa viungo vyake ulikuwa miongoni mwa michoro bora ya wakati huo. Tena ni mchangamfu, mwenye kutafuta marafiki, jambo ambalo ni nadra katika mchezo wa ngumi.

Lakini tumwulize maswali yetu. Anatenda nini? Anapigana kwa kapoeira, sanaa iliyokuzwa na watumwa wa Kiafrika huko Brazili, ng'ambo ya bahari isiyo ya kwetu. Amevaaje? Nguo nyeupe mbili za kuogea, pamoja na bangili za shingoni, za mikononi na za miguuni, ambazo hazimwoneshi kuwa ni mtu wa kabila fulani bali wa kabila tu. Kenya ina lugha zaidi ya 40. Elena ni wa watu gani kati ya hao? Mchezo haukuona haja ya kujua. Amewekwa bara zima begani, akavuliwa kijiji chake. Hata hivyo Elena ni mtu wa kupendeza, na ni afadhali kuwapo kwake kuliko kukosekana. Kazi iliyofuata ya kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyotusukuma kuandika.

Kiswahili kinywani mwa majini

Mwaka 2009 Capcom ilitoa Resident Evil 5. Mchezaji humwongoza askari wa Kimarekani, mzungu, anayefuatana na mwanamke wa Kiafrika aitwaye Sheva Alomar. Wanaingia mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, ambapo wenyeji wameingiwa na kimelea kinachowageuza kuwa wauaji. Wenyeji hao wanaitwa majini, na mchezo unaeleza kwamba hilo ni neno la Kiswahili lenye maana ya pepo wabaya. Wanapowarukia wageni, hupiga kelele kwa Kiswahili. Mbele kidogo, penye vinamasi, wanatokea wengine wenye vinyago, ngao na mikuki, ambao nao wanauawa kwa makundi. Picha za kwanza za mchezo huo zilipoonyeshwa mwaka 2007 zilizusha mabishano katika nchi nyingi juu ya rangi ya wanaoua na ya wanaouawa. Mabishano hayo yalikuwa ya haki. Mwalimu wa Kiswahili ana lake la kuongeza.

Kwanza, mahali. Kijuju kimewekwa Afrika Magharibi. Kiswahili si lugha ya Afrika Magharibi. Jina lenyewe limeshonwa kwa viraka viwili: juju ni neno lijulikanalo Afrika Magharibi, na ki- ni kiambishi chetu. Kwa kanuni ya ngeli, Kijuju kingekuwa ama lugha au desturi ya watu waitwao Wajuju, ama kijitu kidogo. Pili, neno. Katika imani za watu wa pwani, jini si lazima awe mbaya. Wapo majini wema na wapo waovu, na yupo jini mwenye dini yake. Mchezo umelifuta neno hilo nusu ya maana yake, ukabakiza ile inayofaa kulengwa shabaha. Tatu, tendo. Nishikado, akiwa na nukta chache za mwanga, aliona haya kuwapiga risasi watu, akachora pweza. Miaka thelathini na mmoja baadaye sanaa ile ile, ikiwa na uwezo wa kuchora jasho katika paji la uso, imewachora watu weusi barabara, ikawaita majini, na ikaruhusu wapigwe.

Mtetezi wa mchezo huo ana hoja ambayo ni lazima ijibiwe. Katika Resident Evil 4, ya mwaka 2005, maadui walikuwa wanakijiji wa Hispania, na walisema Kihispania. Basi kosa liko wapi? Jibu letu ni hili: Kihispania kina vinywa elfu. Kijana akimsikia muuaji anayesema Kihispania katika mchezo mmoja, atamsikia daktari, mpenzi, mpelelezi na mcheshi wa Kihispania katika filamu na michezo mingine. Kiswahili kina vinywa vingapi huko? Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Christopher Tin uitwao Baba Yetu, ambao ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy. Tunaufurahia. Lakini hiyo ni sauti ya kwaya, nayo haina mwili. Katika michezo hiyo miwili mashuhuri Kiswahili ama kimekuwa cha malaika, ama kimekuwa cha majini. Mtu wa kawaida, anayepatana bei, anayemwamkia shangazi yake, anayetania na kukosea, hatumwoni.

Hapa West Nile jambo hilo lina uzito wa pekee. Katika Uganda, Kiswahili kilijulikana kwa miaka mingi kuwa ni lugha ya askari. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na raia wengi walikisikia kwa mara ya kwanza kikitoka kwa mtu mwenye bunduki, penye kizuizi cha barabarani. Wako wazazi ambao mpaka leo wakisikia Kiswahili hushtuka. Sheria imekwisha kwenda mbele: mwaka 2005 katiba ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kwamba kitumike rasmi, likapendekeza kiwe somo la lazima shuleni. Mioyo hutembea polepole kuliko sheria. Na huku kwetu tunajua kwamba Kiswahili kina maisha mengine: katika masoko ya Arua na Koboko, penye wafanyabiashara wa Uganda, Kongo na Sudan Kusini, husikika pamoja na Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiarabu cha Juba, kikiuza samaki na kununua vitenge. Mwalimu anafanya kazi ya kukirejesha Kiswahili katika kinywa cha amani. Kisha mwanafunzi anawasha mchezo, na Kiswahili anachokikuta ni kile kile cha kutishia maisha. Hilo ndilo linalotuuma.

Mkimbizi awa mhusika

Jibu halikukawia sana kutoka Afrika. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa Aurion, hadithi ya mwana wa mfalme, Enzo Kori-Odan, na mkewe Erine, waliopinduliwa na kutoka nchini mwao kwenda kutafuta nguvu ya wahenga. Wahusika wake wamevaa nguo zenye kwao, na mke ana kauli katika safari.

Lakini jibu lililo karibu nasi zaidi, kwa mahali na kwa maudhui, ni la Lual Mayen. Alizaliwa wakati familia yake ikikimbia vita vya Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, na akakaa huko zaidi ya miaka ishirini. Mama yake aliweka akiba kwa miaka mitatu, hata akapata dola 300 za kumnunulia kompyuta. Ili kuitia umeme, kijana huyo alikwenda kwa miguu muda wa saa tatu. Akajifundisha, na humo kambini akaanza kuutengeneza mchezo wake, Salaam. Mwaka 2018 alitunukiwa heshima katika sherehe za The Game Awards huko Marekani, ambako alihamia na kuanzisha kampuni ya Junub Games.

Kama Mayen alivyoueleza mchezo huo mbele ya watu, mhusika wake ni mkimbizi anayekimbia vita kuelekea mahali penye amani. Nguvu zake hupungua. Anahitaji maji, chakula na dawa, na mchezaji akimnunulia vitu hivyo kwa fedha za kweli, fedha hizo zimekusudiwa kuwafikia wakimbizi walio hai. Tumpime kwa mizani yetu. Sura yake si ya mamilioni ya nukta. Kitenzi chake si kuua. Ni kukimbia, kuvumilia, kufika. Na jina la mchezo, ingawa ni la Kiarabu, halihitaji kufasiriwa kwa mtoto anayejua kusema salamu na salama.

Hapa kwetu mhusika huyo si mgeni. Baada ya mwaka 1979 watu wengi wa West Nile walivuka mipaka wakawa wakimbizi katika Zaire na Sudan. Wazee wa Arua na Koboko wanaikumbuka njia ile kwa nyayo zao. Agosti 2016 njia iligeuka: makazi ya Bidibidi yalifunguliwa wilayani Yumbe, na katika miezi michache yakawapokea zaidi ya watu 200,000 kutoka Sudan Kusini. Mtoto aliyepita njia hiyo akimwongoza mkimbizi wa Salaam, anajua kwa nini maji yana thamani kuliko risasi. Mhusika aliyejengwa kwa haja anazozijua mbunifu mwenyewe anapata uzito ambao ufundi wa kuchora peke yake hauwezi kumpa.

Kazi ya mwalimu

Huenda mwalimu akauliza: Mimi sina kompyuta darasani, na umeme unakuja na kuondoka, nifanye nini? Tunapendekeza zoezi lisilohitaji hata betri. Kila mwanafunzi anaweza kupata karatasi ya daftari la hesabu lenye miraba. Apime uwanja wa miraba 16 kwa 16, ule ule aliokuwa nao Miyamoto. Lakini asichore kwanza.

Aanze kwa vitenzi. Aandike matendo matatu ya mhusika wake, kwa mnyambuliko kamili: anavusha, anavushwa, anavushiana na nani? Kisha aandike haja zake: amekosa nini, na nani anacho? Kisha aandike usemi wake katika hali tatu, yaani anapomwamkia mzee, anapopatana bei, na anapoogopa. Hapo mwanafunzi atagundua kwamba Kiswahili alicho nacho kinamtosha kwa hali moja tu, pengine ile ya tatu, na somo la lugha litaanza kwa haja aliyoiona mwenyewe. Mwisho ndipo achore, akichagua alama moja itakayomtambulisha: kofia ya mwendesha bodaboda, ungo wa mama wa sokoni, dumu la maji la msichana, mzigo wa mchuuzi anayevuka Oraba.

Wahusika hao wakiwa ukutani, darasa liwachambue kwa maswali tuliyoanza nayo. Wale vijana wanaojua kazi za kompyuta, ambao siku hizi hawakosekani hata katika shule zetu, wanaweza baadaye kuwatia uhai kiooni. Wasipowatia, bado kila mwanafunzi atakuwa amemwandika kwa Kiswahili mtu mmoja wa kwao mwenye kazi, mwenye shida, na mwenye adabu ya kuamkia.

Walimu wa vyama vyetu wamekuwa wakikutana kusahihisha istilahi na kuhakiki vitabu vya kiada. Tunaomba michezo ya video nayo iwekwe katika orodha ya mambo ya kuhakikiwa, kwa majina yake na kwa makosa yake ya lugha, na maoni yetu yapelekwe kwa wanaoitengeneza. Mtengenezaji anayetaka kutia Kiswahili kinywani mwa mhusika wake ana haja ya mtu wa kumwuliza jini ni nani, na Waswahili wanakaa upande gani wa bara la Afrika.